Kidato cha Kwanza cha Januari 2028: Tuingie na Hesabu Mkononi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, waheshimiwa madiwani, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, maafisa elimu kata, wakuu wa shule za sekondari, walimu wakuu, wenyeviti wa kamati za shule, ndugu wananchi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mafanikio na changamoto za elimu yetu. Mada hiyo ni pana mno kwa asubuhi moja, kwa hiyo naomba niibane kwenye tarehe moja tu: Januari 2028.

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa Darasa la Awali, la Kwanza na la Tatu. Watoto walioingia la Tatu mwaka ule wanasoma chini ya utaratibu mpya wa miaka 6 ya elimu ya msingi, kwa hiyo watamaliza Darasa la Sita mwishoni mwa 2027. Waliokuwa la Nne mwaka huohuo wamebaki na utaratibu wa zamani, nao watamaliza la Saba mwishoni mwa 2027. Makundi mawili yanatoka pamoja. Na kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, yaani 6 ya msingi na 4 ya sekondari ya chini, wote hao wana haki ya kiti cha Kidato cha Kwanza. Mheshimiwa Mwenyekiti, hakuna jambo la kubahatisha hapa. Watoto hao tunao madarasani sasa hivi, majina yao yako kwenye rejesta, namba zao za usajili kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, PReM, zipo.

Nchi hii imeshapokea mawimbi ya wanafunzi mara kadhaa, na kila wimbi limetuachia funzo. Mwaka 1977, baada ya Azimio la Musoma la 1974, tulitangaza Elimu ya Msingi kwa Wote. Watoto waliitika. Walimu hawakutosha, tukachukua vijana waliomaliza la Saba tukawafundisha ualimu vijijini. Ndio wale mnaowakumbuka kama walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha mpango huo. Mwaka 2001 tulifuta ada ya shule za msingi, ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mwaka 2002, na wanafunzi wa msingi wakapanda kutoka takriban milioni 4.8 hadi karibu milioni 8 ndani ya miaka mitano. Wimbi hilo likagonga sekondari. Tukajenga shule za kata kwa nguvu za wananchi: shule za sekondari zilikuwa chini ya 2,000 mwaka 2005, zikapita 4,000 kufikia 2010. Ni kazi kubwa, na wanaozibeza shule za kata wanasahau kwamba bila hizo, mtoto wa mkulima asiyeteuliwa kwenda bweni alikuwa amefika mwisho wa safari.

Lakini tulijenga kuta haraka kuliko tulivyopata walimu. Waliosoma Kidato cha Kwanza mwaka 2009 katika shule zile changa, zenye walimu wawili au watatu, ndio waliofanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2012. Matokeo yalipotoka mapema 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri, mpaka Waziri Mkuu akaunda tume kuchunguza. Watu walilaumu vijana, wakalaumu simu, wakalaumu mitihani. Ukirudi kwenye ratiba za shule zile za 2009 hadi 2012 ungekuta somo la Fizikia limeandikwa ubaoni na hakuna jina la mwalimu mbele yake.

Januari 2016 tukaanza elimu bila malipo hadi Kidato cha Nne, na mwaka wa fedha 2022/23 ikafika Kidato cha Tano na cha Sita. Mwishoni mwa 2021 fedha za mkopo wa UVIKO-19 zilijenga vyumba 15,000 ndani ya miezi michache: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama, kila kimoja kwa shilingi milioni 20. Novemba mwaka huohuo Serikali iliondoa katazo la wasichana waliopata ujauzito kurudi shuleni. Haya ni mafanikio ya kweli na yanastahili kutajwa kwa sauti. Tumethibitisha kwamba tukiamua kujenga, tunajenga.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuchukue kata ya mfano yenye shule tatu za msingi na sekondari moja. Tuseme mwaka 2027 shule hizo zina wanafunzi 220 wa la Saba na 250 wa la Sita. Jumla 470. Kwa kiwango cha wanafunzi 40 kwa chumba tunahitaji mikondo 12 ya Kidato cha Kwanza. Kidato cha Nne kinachoondoka kina wanafunzi 120 katika vyumba vitatu. Upungufu ni vyumba 9. Bei ya milioni 20 ilikuwa ya 2021. Tukadirie milioni 25, tunapata milioni 225 kwa kata moja, kabla ya samani. Sekondari kila mwanafunzi ana kiti chake na meza yake, kwa hiyo kuna seti 350 za ziada. Vyoo: tundu moja kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25. Ongezeko la wanafunzi 350, wasichana wakiwa 180, ni matundu 9 ya wasichana na 7 ya wavulana. Matundu 16. Hapa ndipo mipango mingi inapokatwa, kwa sababu choo hakizinduliwi kwa utepe. Na choo kikikosekana, binti wa miaka 13 hukaa nyumbani siku nne au tano za kila mwezi.

Nimesikia hoja kwamba si wote wataripoti, kwa hiyo tusipange kwa 470. Naomba hoja hiyo tuikatae hapahapa. Kupanga bajeti kwa kutegemea utoro ni kumfukuza mtoto kabla hajafika.

Kuna nafuu moja ambayo sijaiona kwenye mipango mingi. Januari 2028 shule ya msingi itabaki na madarasa sita. Vyumba vya la Saba vitakuwa wazi, na vipindi vya walimu wake vitapungua. Shule yenye mikondo miwili ya la Saba inapata vyumba viwili bila kununua mfuko wa saruji. Ushauri wangu: pale ambapo msingi na sekondari zinapakana, vyumba hivyo vitumike kwa Kidato cha Kwanza kwa muda, kwa makubaliano ya maandishi yenye tarehe ya mwisho. Pale zisipopakana, vipewe Darasa la Awali na la Kwanza, ambako leo tuna watoto 100 na zaidi katika chumba kilichokusudiwa watoto 45. Na wapo walimu wa msingi wenye shahada na masomo ya kufundishia sekondari. Maafisa elimu waorodheshe sasa nani ana shahada ya somo gani, ili maombi ya kuwahamishia sekondari yafuate taratibu za utumishi mapema, yasisubiri Februari 2028.

Kuhusu ujenzi wenyewe nitakuwa mfupi, maana wengi hapa mna uzoefu wa kutumia mafundi wa kawaida. Mnajua kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mnajua pia zinakoharibika: mtu mmoja anakaa kwenye zote tatu, kwa hiyo anayenunua ndiye anayepokea. Halafu manunuzi siku hizi yanapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma. Mkuu wa shule asiyeuzoea hupoteza wiki tatu, na muuza kokoto wa kijijini ambaye hajasajiliwa humo hawezi kulipwa. Wasajiliwe mwaka huu. Na fedha zikija nchi nzima kwa mkupuo, saruji na nondo hupanda bei wiki hiyohiyo, jambo tuliloliona mwaka 2021. Maboma ambayo wananchi wameshayapandisha mpaka kwenye lenta ndiyo yamaliziwe kwanza.

Niongeze jambo moja la kukagua kwa macho. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa matofali ya inchi 6 kati ya 30 na 35 yaliyo imara. Mjumbe wa kamati ya mapokezi ahesabu mifuko iliyotumika na matofali yaliyopangwa. Akikuta matofali 50 kwa mfuko, asisaini. Achukue tofali moja aliangushe kutoka usawa wa kiuno. Likisambaratika, jibu analo. Na matofali yamwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau. Fundi anayelipwa kwa kipande hana sababu ya kumwagilia, kwa hiyo mtu wa kumwagilia atajwe kwa jina kwenye kikao.

Waheshimiwa madiwani, hadi hapo nimesema yale tunayoyaweza. Sasa nisemee yale ambayo nayaogopa zaidi.

La kwanza ni vipindi. Chumba hakifundishi. Mkondo mmoja una vipindi kama 40 kwa wiki. Mikondo 9 ya ziada ni vipindi 360. Mwalimu wa sekondari akibeba vipindi 28, ambao ni mzigo mzito lakini unabebeka, tunahitaji walimu 13 zaidi katika shule hiyo moja. Hisabati pekee, kwa makadirio ya vipindi 6 kwa mkondo, ni vipindi 54: walimu wawili wapya wa Hisabati kwa ajili ya Kidato cha Kwanza tu. Na mtaala mpya umefanya Elimu ya Biashara kuwa ya lazima na umeleta Historia ya Tanzania na Maadili. Biashara zamani ilikuwa ya shule chache, kwa hiyo walimu wake ni wachache hata mijini.

Naomba kila mkuu wa shule aache kuripoti upungufu wa walimu kwa idadi ya jumla. Kusema "nina walimu 22, nahitaji 30" hakumsaidii Mkurugenzi. Shule inaweza kuwa na walimu 22 ambao 15 ni wa Historia, Kiswahili na Jiografia, na Fizikia haina hata mmoja. Leteni jedwali la masomo: vipindi vinavyohitajika kwa wiki, vipindi vinavyofundishwa kweli, na pengo. Mstari mmoja kwa kila somo. Ukiwa na jedwali la shule zote za halmashauri, utaona mara moja shule mbili zilizo umbali wa kilomita sita ambapo moja ina walimu watatu wa Kemia na nyingine haina. Mwalimu mmoja anaweza kufundisha Jumatatu hadi Jumatano huku, Alhamisi na Ijumaa kule. Alipiwe nauli kwa wakati. Nauli ikichelewa miezi miwili, utaratibu huo unakufa, na mwalimu hana kosa.

Hisabati naizungumzia zaidi kwa sababu matokeo yake yanafichwa na matokeo ya jumla. Mtihani wa Kidato cha Nne wa 2024 ulitangazwa kwa ufaulu wa asilimia 92.37. Ni habari njema, lakini hesabu hiyo inajumuisha daraja la kwanza hadi la nne. Ukifungua somo la Hisabati peke yake, waliofaulu ni takriban robo. Watatu kati ya wanne wanatoka miaka minne ya sekondari bila hata alama ya D katika somo ambalo linabeba ufundi umeme, uuguzi, uhasibu na useremala. Pengo hilo haliwezi kuzibwa Kidato cha Nne kwa kambi ya wiki mbili. Linaanzia la Tatu, mtoto anapokwama kwenye kugawanya, kisha sehemu zinakuja juu yake, kisha desimali, kisha aljebra.

La pili, makundi mawili hayatakuwa na maandalizi sawa. Wa la Sita watakuwa na mwaka mmoja pungufu wa shule na pengine mwaka mmoja pungufu wa umri, nao wote wanaingia mahali ambapo lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza. Kozi ya awali ya lugha mnayoifanya Kidato cha Kwanza isiwe ya kuandikwa kwenye shajara tu. Na naomba sana: msitenge mikondo ya "wa la Sita" na ya "wa la Saba". Mkondo ukishapewa jina la wadogo, hupewa mwalimu asiyetakiwa kwingine na vitabu vinavyobaki. Wachanganyeni, wapeni jaribio la kusoma na la Hisabati wiki ya kwanza, kisha wasaidieni kwa kile jaribio lilichoonyesha.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kusoma. Watoto watakaoingia Kidato cha Kwanza 2028 hawawezi kusubiri 2028 kufundishwa kusoma. Tangu 2015 tumeweka mkazo wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, katika la Kwanza na la Pili, na umeleta tofauti. Hata hivyo bado tunao watoto wa la Tano wanaonakili ubao kwa mwandiko mzuri na hawawezi kusoma walichonakili. Mwalimu akiangalia daftari anaona kazi safi, anaweka vema, anasonga mbele. Mwandiko mzuri umetudanganya miaka mingi.

Dawa ni kumsikiliza mtoto mmoja mmoja. Chukua kifungu cha maneno kama 60 kutoka kitabu cha la Pili ambacho hajakikariri. Mpe dakika moja asome kwa sauti. Weka alama kwa kila neno alilokosea au kuruka, kisha muulize maswali matatu juu ya alichosoma. Ukijumlisha na kuandika, ni dakika tatu kwa mtoto. Darasa la watoto 80 ni dakika 240, saa nne, zikigawanywa kwa siku tano ni chini ya saa moja kwa siku. Gawa watoto kwenye makundi manne: asiyejua herufi na silabi, anayesoma silabi, anayesoma neno neno, anayesoma na kuelewa. Kisha panga dakika 40 kila siku, shule nzima kwa wakati mmoja, watoto wa la Tatu hadi la Sita waende kwenye kundi lao bila kujali darasa. Mtoto wa la Sita aliye kundi la silabi akae na mwalimu mpole, asichekwe. Pima tena baada ya wiki sita.

Inapokwama ni hapa: mwalimu mkuu anampa kundi la chini mwalimu mgeni au aliyekaribia kustaafu, na walimu hodari anawabakiza la Saba kwa ajili ya mtihani. Igeuzwe. Vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambavyo shule nyingi hufanya kwa kusaini mahudhurio, vitumike kufanyia mazoezi kipimo hiki: walimu wawili wasikilize mtoto mmoja, walinganishe alama zao. Afisa Elimu Kata akifika shuleni, kabla ya kuomba andalio la somo, aombe orodha ya makundi na awasikilize watoto watano.

Fedha ya uendeshaji ni finyu, na lazima tuiseme wazi kwa wananchi. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, kiwango cha tangu enzi za MMEM. Asilimia 40 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, kwa hiyo inayofika shuleni ni 6,000, sawa na shilingi 500 kwa mwezi. Shule ya watoto 800 inapata 400,000 kwa mwezi: chaki, karatasi za majaribio, ukarabati, michezo, yote humo. Sekondari ni 25,000, nusu yake ikifika shuleni. Sekondari yetu ya mfano itapokea wanafunzi 350 zaidi mwezi Januari. Takwimu zisipohuishwa mapema kwenye mfumo, itawahudumia kwa fedha za idadi ya zamani. Mwalimu wa takwimu asiachiwe kazi hiyo usiku wa mwisho. Wanafunzi waliohama waondolewe, waliohamia waingizwe. Na Baraza hili lipeleke hoja rasmi kwamba kiwango cha 10,000 kipandishwe. Bei ya chaki ya 2002 haipo tena dukani.

Mwisho ni chakula. Mwanafunzi anayetembea kilomita nane hadi sekondari ya kata akiwa hajala, kipindi cha saa saba hasikii kitu. Mwaka wa masomo una siku 194. Kikombe cha uji kinahitaji unga gramu 50. Kwa mtoto mmoja ni kilo 9.7 kwa mwaka mzima, kama nusu debe ya mahindi. Kwa shule ya watoto 500 ni kilo 25 kwa siku, au magunia 49 ya kilo 100 kwa mwaka. Mchango ukusanywe wakati wa mavuno, mahindi yanapokuwa uani. Kamati inayosubiri Januari inamwomba mzazi nusu debe wakati ambapo yeye mwenyewe ananunua. Mahindi yakaushwe vizuri kabla ya kuingia stoo, yawekwe juu ya chaga, yasigusane na ukuta, kwa sababu unyevu huleta kuvu na sumukuvu. Daftari la stoo lisomwe kwenye mkutano wa kijiji. Na mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga asinyimwe uji wala kurudishwa nyumbani. Mzazi ndiye wa kufuatwa, na mwenyekiti wa kitongoji anajua nani kashindwa na nani kakataa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba Baraza lielekeze mambo matatu yaingie kwenye bajeti ijayo: orodha ya kila kata ya wanafunzi watakaomaliza 2027, shule kwa shule, pamoja na upungufu wa vyumba, viti na matundu ya vyoo, jedwali la vipindi kwa kila somo kwa kila sekondari, na matokeo ya kipimo cha kusoma cha la Tatu hadi la Sita. Fomu zote tatu, kila moja ukurasa mmoja, ziko kwa Afisa Elimu. Maafisa elimu kata wazichukue kabla ya kuondoka, na zirudi kabla kamati ya huduma za jamii haijaketi.

Naomba kuwasilisha.